Pingili kwa Pingili

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani unaorodhesha sifa tisa chini ya tatizo liitwalo haiba ya mpakani. Kuna hofu kali ya kuachwa. Kuna mahusiano ya kupanda na kuporomoka, ambamo mtu yuleyule ni malaika leo na adui kesho. Kuna kutojijua, papara yenye madhara, kujidhuru au kutishia kujiua, hisia zinazogeuka ndani ya saa chache, utupu usiojazika, hasira isiyotulizika, na ile hali ya wakati wa dhiki ambapo mtu huwashuku watu au hujiona kama yuko nje ya mwili wake. Zikitimia tano, jina linaandikwa kwenye faili. Ukipiga hesabu utakuta zipo njia 256 za kulipata jina hilo, na kwamba wagonjwa wawili wanaoitwa kwa jina moja wanaweza kuwa na sifa moja tu ya pamoja.

Siidharau orodha hiyo. Bila orodha ya namna hiyo, daktari wa Hospitali ya Muhimbili na mwenzake wa London wasingejua kama wanazungumzia jambo moja. Lakini imeandikwa na mtu aliyesimama nje. Inasema mgonjwa anaonekanaje. Haisemi ndani yake kipi kilitangulia kipi, wala mtaalamu aanzie wapi mgonjwa akishaketi. Kuiunganisha sifa iliyoandikwa na dhana inayoweza kufanyiwa kazi ni ufundi wa peke yake, na kwangu mimi ni mojawapo ya kazi nzuri kabisa za akili katika tiba ya karne iliyopita. Ni kazi ya polepole, na ikifanywa vibaya mtu anaumia.

Neno "mpakani" lenyewe lilitokana na kushindwa. Mwaka 1938 Adolf Stern, mwanasaikolojia-chambuzi wa New York, aliandika kuhusu wagonjwa ambao hawakuingia kwenye kundi la wenye wasiwasi wa kawaida wala kundi la waliopotewa na akili, na ambao tiba ya kulala kwenye kochi na kuongea haikuwafaa. Wakawekwa mpakani, na kwa miaka mingi walibaki huko. Wodini jina likawa karibu na tusi. Mgonjwa wa namna hiyo aliitwa mjanja, msumbufu, mwenye kuwagombanisha wauguzi.

Otto Kernberg, daktari wa akili mzaliwa wa Vienna aliyekulia Chile, ndiye aliyejenga daraja la kwanza kubwa, katika makala yake ya mwaka 1967. Aliichukua ile sifa ya malaika wa leo na adui wa kesho akaiunganisha na dhana ya mpasuko, ambayo Melanie Klein alikuwa ameifanyia kazi kabla yake. Akili changa iliyozidiwa na chuki na hofu huwatenga wema na ubaya katika vyumba viwili visivyo na mlango kati yao, ili ubaya usiuangamize wema. Tazama kilichofanyika hapo. Tabia iliyoonekana kuwa kigeugeu sasa ina shabaha: kuna kitu kizuri kinacholindwa, hata kama kinalindwa kwa gharama kubwa. Na mtaalamu amepata pa kutazama, kwa sababu mpasuko huo utatokea humo humo chumbani, yeye akiwa ndiye malaika, kisha ndiye adui.

Lakini anayenivutia kuliko wote ni Marsha Linehan, na sababu kubwa ni kwamba hakukubali kamwe jibu la "ilitokea tu".

Linehan alizaliwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1943. Mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 17, alilazwa katika hospitali ya Institute of Living mjini Hartford, Connecticut, akakaa humo zaidi ya miaka miwili, sehemu ya muda huo katika chumba cha kutengwa. Watu walijua habari hiyo baada ya nusu karne: mwaka 2011 alirudi katika hospitali ileile na kuisimulia hadharani. Kufikia wakati huo alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na njia ya tiba aliyoiunda, tiba ya tabia ya kidayalektiki, ilikuwa imeenea nchi nyingi.

Alianza na tiba ya tabia ya kawaida: tafuta tatizo, lirekebishe. Wanawake waliokuwa wamejaribu kujiua walimjia, na kila alipowasukuma wabadilike walisikia lawama: kumbe tatizo ni mimi. Akageuka, akawapokea walivyo bila kuwasukuma. Wakasikia dharau ya aina nyingine: ninateketea na wewe unanitazama tu. Wengi wangechagua upande mmoja na kuutetea. Yeye alibaki katikati ya pande mbili, akaufanya mvutano wenyewe kuwa msingi wa tiba, na kwa ajili ya upande wa kupokea akaenda kujifunza nidhamu ya Wabudha wa Zen. Jaribio lake la kwanza la kulinganisha wagonjwa lilichapishwa mwaka 1991, na kitabu chake kikubwa mwaka 1993.

Nadharia yake inaiunganisha sifa ya hisia zinazogeuka na mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni maumbile: mtu anayewaka upesi, anayewaka kwa ukali, na ambaye moto wake huchukua muda mrefu kupoa. Linehan aliwafananisha watu hawa na mtu aliyeungua mwili mzima hadi ngozi ikaisha. Mguso mdogo tu ni mateso. La pili ni mazingira yanayoikanusha hisia. Mtoto analia, anaambiwa hana sababu ya kulia. Anasema ana njaa, anaambiwa ametoka kula sasa hivi. Si lazima familia iwe katili. Familia tulivu iliyojaliwa mtoto mwenye moto inaweza kumkanusha kwa upendo kabisa, na nani kati yetu hajawahi kumwambia mtoto "nyamaza, hakuna kitu"? Mtoto huyo hafundishwi kuipa hisia yake jina. Anajifunza kutoiamini. Na kwa kuwa kilio cha kawaida hakijibiwi, anajifunza kwamba kinachojibiwa ni kishindo.

Hapo sifa tatu za orodha zimefungwa kwa kamba moja. Kutojijua: mtu atajijuaje ikiwa kila alichohisi kiliambiwa hakipo? Hasira ya kulipuka: ndiyo lugha pekee iliyowahi kusikilizwa. Kugeuka kwa hisia: ndiyo ile ngozi isiyokuwepo. Hii ni nadharia, na watafiti wanaendelea kuipima kipande kwa kipande. Uzuri wake ni kwamba kila kipande kinaelekeza kwenye kitu cha kufanya.

Sasa niingie jikoni hasa, kwenye zoezi linaloitwa uchambuzi wa mnyororo.

Tuchukue mfano wa kutunga. Msichana wa miaka 26 anakuja kwa mtaalamu wake Alhamisi. Amebeba kadi ambayo kila jioni huijaza namba kuonyesha ukali wa huzuni, aibu, hasira na hamu ya kujidhuru. Kadi inasema kwamba Jumanne, saa nne usiku, alijidhuru. Mtaalamu hashtuki, hagombi, wala hamfariji haraka. Anauliza hamu ilianza saa ngapi.

"Ghafla tu."

"Sawa. Saa tatu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Na saa moja, ulipokuwa unapika?"

"Hapana. Saa moja nilikuwa mzima."

Basi limepatikana eneo la msako: kati ya saa moja na saa tatu. Usiku wa kuamkia Jumanne hakulala vizuri. Mchana hakula. Saa moja na nusu alimpigia simu dada yake, na dada akasema, "Nitakupigia baadaye, mdogo wangu, niko na watu." Kisha akaosha vyombo. Kisha akawa na hasira, akamtumia dada ujumbe mkali, dada hakujibu, akajidhuru.

Mtaalamu asiye na subira angeishia hapo. Mnyororo unaonekana kamili: simu, hasira, ujumbe, kujidhuru. Fundi mwenyewe anaona kwamba pingili moja imerukwa. Kutoka "niko na watu" hadi hasira kuna hatua ndefu mno. Anarudi kwenye vyombo. Ulikuwa unaosha nini? Maji yalikuwa ya moto au ya baridi? Ulipokuwa umeshika sufuria, mwili ulikuwaje? Maswali haya yanaweza kuonekana ya kipuuzi kwa anayesikiliza kutoka nje, lakini ni kama kufumua mshono uzi baada ya uzi bila kukikata kitambaa. Msichana ananyamaza. Anasema kifua kilibana na uso ulikuwa wa moto. Na kichwani? Kichwani kulikuwa na sentensi: "Amenichoka, kama wote." Na hisia yenyewe, kabla ya hasira? Hapo ndipo neno linapotoka, kwa sauti ndogo: aibu.

Aibu hiyo ilidumu sekunde chache, kisha hasira ikaja kuifunika, maana hasira inabebeka. Orodha ya sifa tisa imeandika hasira. Aibu haimo katika orodha. Mtaalamu ambaye angeitibu hasira peke yake, tena kwa ustadi, angekuwa anatibu mfuniko.

Pingili zote zikishapatikana, kila moja ni mahali pa kukatia. Usingizi na chakula ni pingili ya kwanza, na tiba hii haioni haya kumwuliza mtu mzima kama amekula. Sentensi ya "amenichoka" inaweza kupimwa kwa ushahidi: je, dada hakusema yuko na watu? Kifua kinapobana, kuna mbinu za mwili, kama maji ya baridi sana usoni, ambayo hupunguza mapigo ya moyo. Aibu isiyolingana na kosa lolote huvunjwa kwa kutenda kinyume chake: kuinua uso na kusema jambo lenyewe badala ya kujificha. Stadi hizi hufundishwa darasani, katika kikundi, kwa makundi manne: utulivu wa kuona kinachotokea, kuvumilia dhiki, kudhibiti hisia, na kuhusiana na watu. Mgonjwa huruhusiwa pia kumpigia simu mtaalamu katikati ya wiki, ili stadi itumike jikoni usiku, mahali ambapo pingili ziko.

Imebaki pingili ya mwisho, ambayo ndiyo inayomtofautisha fundi na mtu mwenye nia njema. Baada ya kujidhuru, msichana alimwandikia dada, na dada akaja mbio, akakaa naye hadi asubuhi. Hapo majirani wangesema: si unaona, alikuwa anatafuta kubembelezwa. Linehan aliupinga vikali mruko huo wa mawazo. Matokeo ya tendo hayathibitishi nia yake. Dada kuja mbio kunaweza kulipa nguvu tendo hilo lijirudie, na msichana asiwe amekusudia hivyo hata kidogo. Mwili hujifunza bila kuomba ruhusa. Mtaalamu anayehisi ameviziwa huhitimisha kwamba mgonjwa amemvizia, na kumbe anasoma hisia zake mwenyewe. Kwa hiyo pingili hii inasemwa wazi, bila lawama: ulipoumia dada alikuja, na ulipomhitaji kwa upole hakuja, tufanyeje ili upole nao ufike?

Kuna pia kile ambacho Linehan alikiita umahiri wa juu juu. Msichana anasimulia haya yote akitabasamu, sauti imetulia, nguo zimepigwa pasi. Anaonekana mtu anayejiweza. Kesho yake, nje ya chumba kile, umahiri huo haupo, na watu wanahitimisha kwamba hataki tu. Fundi hujifunza kutoiamini sura hiyo, na kutoidharau pia, kwa sababu mara nyingi ndiyo iliyomvusha mtu huyo utotoni.

Wakati wote huo mtaalamu anakiri uhalali wa kilicho halali. Linehan aliainisha ngazi sita za kukiri huko, kuanzia kusikiliza kwa makini hadi kuwa mkweli kabisa mbele ya mtu kama binadamu mwenzake. Kukiri si kusifu. Hasemi ulifanya vema kujidhuru. Anasema: kwa mtu ambaye hakuwa amelala wala kula, na ambaye ameshaachwa mara nyingi, maneno yale yalichoma, na ningeshangaa kama yasingechoma. Ukitaka kuona umbali uliopo kati ya maswali haya na maswali ya namna nyingine, kumbuka kwamba nchini Kenya jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu aliyetoka kwenye usiku mbaya kuliko yote maishani mwake aliweza kuhojiwa kama mshtakiwa.

Kazi hii inachosha, na Linehan alilijua hilo pia. Ndiyo maana wataalamu wa tiba hii hukutana kila wiki kusaidiana, na mikutano hiyo ni sehemu ya tiba yenyewe.

London walishika uzi mwingine. Anthony Bateman na Peter Fonagy, waliochapisha jaribio lao mwaka 1999, wangeichukua Jumanne ileile na kuuliza jambo tofauti: wakati ule, ulidhani dada alikuwa na nini moyoni? Kwao, kiini cha tatizo ni kwamba uwezo wa kufikiria nia na hisia, za mtu mwenyewe na za wengine, hukatika pale ukaribu unapochemka. Ukishakatika, ninachokiwaza ndicho kilichopo: nikiwaza amenichoka, basi amenichoka. Au mapenzi huhesabika tu yakionekana kwa macho: akija ananipenda, asipokuja hanipendi. Mtaalamu wao husimamisha mazungumzo na kuyarudisha nyuma hadi pale akili ilipozimika, na hujiweka katika hali ya mtu asiyejua. Haambii mgonjwa maana ya alichokifanya. Naupenda unyenyekevu huo, na ni mgumu kuliko unavyoonekana, kwa kuwa mtaalamu aliyesoma miaka mingi anatakiwa aseme "sielewi, nieleze" na awe anamaanisha.

Jeffrey Young, mtaalamu aliyefanya kazi na daktari wa akili Aaron Beck mjini Philadelphia kabla ya kwenda njia yake New York, aliona sauti kadhaa ndani ya mtu mmoja: mtoto aliyeachwa, mtoto mwenye hasira, mzazi mwenye kuadhibu, mlinzi aliyejitenga asiyehisi lolote. Ule utupu wa kwenye orodha kwake si kukosekana kwa kitu. Ni kazi ya mlinzi, aliyezima taa zote ili mtoto asiumie. Kwa hiyo hashambulii utupu. Huweka viti chumbani, akamwomba mgonjwa akae kwenye kiti cha mlinzi na kueleza anaogopa nini kitatokea akiondoka.

Dhana hizi hazibadilishani nafasi. Mpasuko wa Kernberg haukatiki kwa maji ya baridi. Na dhana nzuri ikishikwa na mkono mvivu hugeuka lebo mpya; nimewasikia watu wakisema "huyo ni mtoto wake mwenye hasira anaongea" kwa dharau ileile ya zamani. Dhana inabaki hai pale tu inapoulizwa kwa mtu huyu, kuhusu Jumanne hii.

Subira ya kuuliza hivyo ina msingi. Mary Zanarini na wenzake katika Hospitali ya McLean, Massachusetts, waliwafuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa. Katika ripoti ya miaka kumi, iliyochapishwa mwaka 2010, asilimia 93 walikuwa wamepata nafuu ya dalili iliyodumu angalau miaka miwili. Hao ndio waliokuwa wakiambiwa hawaponi. Lakini ni nusu tu waliofikia kile ambacho watafiti walikiita kupona, yaani nafuu ya dalili pamoja na kazi na mahusiano yanayosimama. Sifa za orodha hupungua kabla maisha hayajajengeka, na dhana za tiba zinahitajika hata baada ya jina kufutwa kwenye faili.

Mwaka 2022 uainishaji mpya wa Shirika la Afya Duniani ulianza kutumika, nao umeyaondoa karibu majina yote ya zamani ya haiba. Sasa hupimwa ukali wa tatizo, kisha sifa kuu: hisia hasi, kujitenga, kutojali wengine, kukosa breki, na ukali wa kujibana kwa kanuni. Haiba ya mpakani imebakizwa kama nyongeza. Nafurahia mabadiliko hayo, ingawa yanaonyesha wazi mahali ambapo mafundi hawajafika. Kwa hisia zinazowaka tuna vyombo vingi. Kwa mtu aliyejitenga au aliyejibana, ambaye hagombi, hachelewi, halii, na anazeeka peke yake, vyombo ni vichache.

Thomas Lynch, aliyetoka katika shule ya Linehan, ameifanya hiyo kuwa kazi yake, na mwaka 2018 alichapisha kitabu cha tiba kwa watu waliojidhibiti kupita kiasi. Kwao kuongeza udhibiti ni kuwaongezea ugonjwa, kwa hiyo dhana imegeuzwa: kinachochunguzwa ni ishara ambazo uso na mwili hutuma kwa wengine, maana uso usiosogea huwafukuza watu kabla maneno hayajaanza. Mnyororo bado unachambuliwa, lakini pingili inayotafutwa ni ile ya mtu kusema "niko sawa" huku taya limekaza. Jaribio la tiba hiyo nchini Uingereza lenye washiriki 250 waliokuwa na sonona sugu, lililochapishwa mwaka 2020, lilionyesha tofauti nzuri mwezi wa saba, lakini mwezi wa kumi na mbili tofauti haikuwa ya kutegemewa. Wakati huohuo mtaalamu wa njia hii anajifunza kuegemea nyuma kitini na kuinua nyusi anapouliza swali gumu, ili mtu aliyezoea kukaguliwa asihisi kwamba anakaguliwa tena.